Mbio ndefu za baiskeli ya milimani: namna ya kujiandaa ukiwa Lubumbashi

Wengi wanaoacha mbio za kilomita 100 njiani huziacha mapafu yakiwa bado yanafanya kazi vizuri. Wanaangushwa na tumbo lililokataa chakula saa ya tano, tairi iliyochanika ubavuni, au vidole vilivyokufa ganzi hadi haviwezi kubana breki. Nguvu za miguu utazipata tu ukipanda kinga (baiskeli) mara nne kwa wiki. Hayo mengine hayaji yenyewe, na ndiyo yatakayochukua nafasi kubwa hapa.

Jua unaingia mbio gani

Kwa kanuni za UCI, shirikisho la kimataifa la mchezo wa baiskeli, mbio za marathoni za baiskeli ya milimani huwa kati ya kilomita 60 na 160, na humalizwa kwa siku moja. Zipo pia za saa 24 kwenye mzunguko uleule, na zipo za siku nyingi kama Cape Epic ya Afrika Kusini, iliyoanza mwaka 2004: siku nane, watu wawili wawili, na wenzi hawaruhusiwi kuachana kwa zaidi ya dakika mbili. Kama hujawahi kushindana, chagua ya siku moja, kilomita 80 hadi 100, na uachane na tamaa ya kubwa zaidi kwa mwaka huu.

Kabla ya kulipa ada tafuta mambo matatu kwenye maelezo ya mbio: jumla ya mita za kupanda, saa ambayo kila kituo kinafungwa, na kinachotolewa vituoni. Jambo la kwanza ndilo linaloamua siku yako itakavyokuwa. Kilomita 100 zenye mita 1,000 za kupanda zinaweza kukuchukua saa sita. Zikiwa na mita 2,500, jiandae kwa saa nane au tisa hata kama umbali ni uleule.

Angalia na mwezi. Mbio za Juni hadi Septemba utazifanyia mazoezi wakati wa kiangazi chetu, vumbi tupu na asubuhi za baridi. Mbio za mwezi wa tatu, kama Cape Epic, maana yake ni kufanya mazoezi katikati ya mvua, tope jekundu likiwa limeziba nafasi yote kati ya tairi na fremu. Katanga radi si jambo la mchezo: ikianza kunguruma, toka kwenye uwanda wazi, usijikinge chini ya mti mrefu, na uahirishe mazoezi.

Baiskeli

Huhitaji baiskeli ya bei ya gari. Inayofaa ni ya magurudumu ya inchi 29, yenye springi za mbele tu, fremu ya alumini au chuma, na breki za diski. Lakini ya inchi 26 iliyotunzwa inamaliza mbio, na kwa upande wa gia inaweza hata kukupa nafuu. Hesabu ni rahisi: gawanya meno ya mbele kwa meno ya nyuma. Baiskeli mpya yenye gia moja ya mbele ya meno 32 na ya nyuma kubwa ya 50 inatoa 0.64. Ile ya zamani yenye gia tatu za mbele, ndogo ikiwa na meno 22 na ya nyuma kubwa 34, inatoa 0.647. Ni karibu sawa kabisa, na kwa kuwa gurudumu la inchi 26 ni dogo, mlimani ile ya zamani ni nyepesi zaidi. Kwa hiyo usimruhusu muuzaji akuambie kwamba huwezi kupanda bila gia za kisasa. Ukipata jibu la zaidi ya 0.8, hapo kweli badilisha, maana utapanda kwa magoti.

Urefu wa kiti: kaa, weka kisigino kwenye pedali ikiwa chini kabisa. Mguu unyooke bila nyonga kuinama upande mmoja. Kiti kikiwa chini sana, goti linauma kwa mbele. Kikiwa juu sana, linauma kwa nyuma. Ukishapata kimo, kifunge kwa alama ya utepe.

Matairi ndiyo yanayokula siku

Njia za udongo mwekundu nje ya mji zina changarawe ngumu, na pembeni mwake kuna visiki vya miti midogo iliyokatwa kwa ajili ya makala (mkaa). Visiki hivyo hukatwa kwa mshazari, vina ncha, na majani huvificha. Ndiyo sababu tairi za hapa huchanika ubavuni kuliko zinavyotoboka katikati. Nunua tairi yenye ubavu ulioimarishwa, upana wa inchi 2.2 hadi 2.35, hata kama inaongeza gramu 150. Tairi nyepesi ya mashindano ya saa moja na nusu haifai kazi hii.

Kwa mtu wa kilo 70 anayetumia tairi zisizo na tyubu, anzia bar 1.4 mbele na 1.6 nyuma. Ukiwa na tyubu (shambrea), panda hadi bar 2 mbele na 2.2 nyuma, kwa sababu upepo ukiwa mdogo rimu hugonga jiwe na kuikata tyubu matundu mawili yaliyo sambamba kama meno ya nyoka. Ukiona matundu ya namna hiyo, usitafute mwiba, ongeza upepo. Fundi wa barabarani akikuambia «kilo mbili», anamaanisha karibu bar mbili. Usimwachie ajaze kwa kompresa ya magari bila kipimo.

Dawa ya kuziba matundu: mililita 100 kwa gurudumu la inchi 29. Kwenye joto la Oktoba hukauka upesi, kwa hiyo fungua uangalie kila baada ya wiki sita. Usipoifungua, utagundua siku ya mbio kwamba ndani kuna mpira mkavu tu.

Jambo moja dogo linalowaangusha watu wanaotoka hapa: valvu. Baiskeli nyingi za milimani huja na valvu nyembamba, ilhali tyubu na pampu za sokoni mara nyingi ni za valvu nene kama ya gari, ambayo haipiti kwenye tundu la rimu ya valvu nyembamba. Usilipanue tundu kwa drili katikati ya msimu. Tafuta tyubu sahihi mapema, na beba kile kichwa kidogo cha shaba kinachofanya valvu nyembamba ikubali pampu nene. Ni chepesi kuliko funguo za nyumba.

Mnyororo na breki

Pima mnyororo kwa rula ya chuma. Viungo 24, wa nje na wa ndani wote ukiwahesabu, vikiwa vipya vina milimita 304.8 kutoka katikati ya pini hadi katikati ya pini. Ukifika milimita 306.3, ubadilishe kama una gia 11 au 12 nyuma. Kwa gia 8 hadi 10 unaweza kungoja hadi 307. Ukichelewa, mnyororo uliochakaa unakula meno ya gia, na gia ni ghali mara kadhaa kuliko mnyororo.

Usipake mafuta ya injini. Yanashika vumbi, na vumbi letu lenye mchanga linageuka msasa. Osha mnyororo kwa mafuta ya taa, ukaushe kabisa, weka tone moja la mafuta ya baiskeli ya kiangazi kwenye kila pini, ngoja dakika kumi, kisha futa yote ya juu. Mnyororo uliopakwa sawasawa unaonekana mkavu.

Kwenye breki za majimaji kosa ni moja, na ni kubwa. Kuna zinazotumia mafuta ya madini na kuna zinazotumia DOT, kama breki za gari. Haziingiliani. DOT 4 inapatikana kwenye kila duka la vipuri vya magari, ndiyo maana kishawishi ni kikubwa. Ukiimimina kwenye breki ya mafuta ya madini, mipira ya ndani inavimba na breki inakufa. Aina sahihi imeandikwa kwenye kifuniko cha mkono wa breki au kwenye kitabu chake. Pedi zikibaki chini ya milimita moja ya kitu cha kusagia, weka mpya wiki moja kabla ya mbio, kisha uzifundishe kazi: vunja mwendo kutoka kasi hadi polepole mara ishirini bila kusimama kabisa. Pedi mpya ambazo hazijafanyiwa hivyo hupiga kelele na hazishiki vizuri.

Mazoezi bila milima

Mji uko kwenye uwanda wa mita 1,200 hivi juu ya bahari, na uwanda huo ni bapa. Mbio zenyewe zitakuwa na milima. Tofauti hiyo inazibika nusu.

Kupanda unaweza kukuigiza. Mara moja kwa wiki, kwenye njia ya Kipushi au yoyote ndefu isiyo na malori, weka gia nzito na kanyaga mizunguko 55 kwa dakika ukiwa umekaa, dakika 8, kisha pumzika dakika 4. Rudia mara tano. Goti likiuma, acha siku hiyo. Mara nyingine ya wiki fanya dakika 20 mara tatu kwa juhudi ambayo inakuruhusu kusema maneno matatu tu kwa pumzi moja. Kiangazi upepo wa kusini-mashariki unasaidia: anza ukiwa nao usoni, rudi nao mgongoni.

Kushuka hakuigiziki. Hapa ndipo mtu wa uwanda anapoteza muda na ngozi. Angalau mara tatu kabla ya mbio nenda kwenye vilima vya upande wa Likasi na Kambove, ukiwa umeipakia baiskeli kwenye gari. Barabara kuu ya kilomita 120 hadi Likasi imejaa malori ya madini, na si mahali pa kujipatia mazoezi. Fanya mteremko uleule mara sita. Pedali ziwe sawa, mbele na nyuma. Kiuno nyuma ya kiti. Kidole kimoja kwenye kila breki. Macho mita 15 mbele. Bana kwa nguvu kabla ya kona kisha achia. Anayebana kidogokidogo njia nzima anachemsha diski, na mikono inachoka kabla ya miguu.

Mpango wa wiki 12 unatosha kwa mtu ambaye tayari anaweza kukaa kwenye kiti saa mbili. Anza na saa sita kwa wiki, fika kumi ifikapo wiki ya tisa. Wiki ya nne na ya nane punguza karibu nusu. Mwili unajengeka wakati huo, na wanaoziruka wiki hizi ndio wanaougua mafua wiki ya kumi. Safari ndefu zaidi iwe wiki tatu kabla ya mbio, robo tatu ya muda unaotarajia kutumia siku yenyewe. Wiki ya mwisho panda mara tatu tu, saa moja moja.

Ukitoka alfajiri utakutana na wanaosukuma makala kuingia mjini. Wapishe wewe. Mwenye magunia nyuma hawezi kusimama ghafla, breki yake haikutengenezwa kwa mzigo ule. Na usikate njia kupitia maeneo ya migodi hata kama ramani ya simu inaonyesha barabara: yana walinzi, na hawajali kwamba unajiandaa kwa mashindano.

Chakula na maji

Lenga gramu 60 za wanga kila saa, kuanzia dakika ya 20, kabla njaa haijaja. Kwa mbio za saa saba hizo ni gramu 420, na hutaweza kuzifikia kwa kubahatisha. Zipange kwenye karatasi uibandike juu ya fremu.

Kinywaji cha kujitengenezea: lita moja ya maji safi, vijiko vikubwa vitano vya sukari visivyojaa sana (karibu gramu 60), robo ya kijiko cha chai cha chumvi, na ndimu. Sukari ya kawaida ni nusu glukosi na nusu fruktosi, na utumbo hupitisha hizo mbili kwa milango tofauti, ndiyo sababu inafaa kuliko glukosi peke yake. Usizidishe. Kinywaji kitamu mno huvuta maji kuingia tumboni, na kinachofuata ni kichefuchefu au kuhara. Kunywa mililita 500 hadi 750 kwa saa kulingana na jua. Kujaza maji matupu bila chumvi kwa saa nyingi nako ni hatari: chumvi ya damu inashuka, kichwa kinauma, mtu anachanganyikiwa, na wenzake wanazidi kumpa maji wakidhani ana kiu.

Vya kutafuna: ndizi mbivu moja ina gramu 25 hivi za wanga; kiazi kitamu kilichochemshwa cha gramu 150, karibu 30; mihogo iliyochemshwa gramu 100 inakaribia 38, lakini ni mikavu, inahitaji maji. Muhogo mbichi na karanga, chakula kizuri cha kungojea basi, mbio zikichachamaa kinakaa tumboni kama tofali. Karanga zina mafuta mengi. Ziachie sehemu za polepole za mbio za saa nyingi. Bitumbula (maandazi ya kukaanga) nazo ni mafuta. Na munkoyo (kinywaji cha mahindi) uliochacha usiuguse tangu jana yake, labda kama unataka tumbo lipige ngoma kwenye kila kilima.

Usiku wa kuamkia mbio kula bukari (ugali) kama kawaida, punguza mboga za majani na maharage. Asubuhi, saa tatu kabla ya kuanza, viazi vitamu viwili, mkate na chai yenye sukari vinatosha. Hakuna kipya siku hiyo. Kila kitu kiwe kimejaribiwa kwenye safari zako ndefu.

Maji ya mito karibu na migodi usiyachote hata kwa dharura. Vidonge vya klorini huua vijidudu, lakini haviondoi shaba wala kobalti.

Siku yenyewe

Saa ya kwanza uone aibu kidogo kwa jinsi unavyopitwa. Kama huwezi kusema sentensi nzima, umeenda kasi mno, na deni hilo utalilipa kilomita ya 70. Mlima unaokupunguza hadi kilomita tano kwa saa, shuka utembee: kasi ni ileile, na misuli ya mapaja inapata kazi nyingine.

Vituoni ndipo muda unapovuja. Chukua kilomita 120 kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa: saa nane. Simama mara sita dakika kumi kumi, wastani wako umeshuka hadi 13.3, na ili kuurudisha kwa miguu ungehitaji mazoezi ya miezi. Ingia kituoni ukijua unachotaka, chupa ikiwa tayari imefunguliwa, toka ndani ya dakika tatu. Usikae kwenye kiti, hata wakikuvutia.

Tumbo likigoma, punguza mwendo kwa dakika 15, kunywa maji matupu kidogokidogo, kisha rudi kwenye ndizi kabla ya kinywaji kitamu. Usimeze ibuprofeni kwa maumivu ya miguu. Ukiwa umepungukiwa maji, dawa hiyo inaumiza figo.

Kwenye mfuko beba: tyubu mbili, pampu (si gesi peke yake, mitungi ikiisha imeisha), vibano viwili vya kutolea tairi, ufunguo wenye kikata mnyororo, viungio viwili vya haraka vya idadi yako ya gia, na kile kipande cha alumini kinachoshikilia dereya (kifaa cha nyuma kinachohamisha mnyororo kati ya gia) kwenye fremu. Kipande hicho kimetengenezwa kupinda ili fremu isivunjike, na kila fremu ina chake. Kiagize miezi mitatu kabla. Usitegemee kukikuta hapa kwa fundi wa barabarani. Ongeza kipande cha tairi kuukuu cha sentimita 4 kwa 6. Wengi huambiwa noti ya pesa inatosha kuziba mpasuko, lakini faranga zetu zilizochakaa hazibebi hata upepo wa mdomo.

Tairi ikichanika ubavuni:

1. Toa gurudumu, vua upande mmoja wa tairi, mwaga dawa iliyobaki.
2. Pitisha vidole taratibu ndani mzunguko mzima. Kilichokata mara nyingi bado kipo, na kitaikata tyubu mpya.
3. Weka kipande cha tairi kuukuu kwa ndani juu ya mpasuko, kipindo chake kikifuata cha tairi.
4. Pulizia tyubu kidogo tu ipate umbo, iingize, rudisha tairi kwa mikono ukimalizia kwenye valvu.
5. Jaza nusu, zungusha uangalie pembeni: kama tyubu inachungulia, toa upepo urudie. Kisha jaza hadi bar 2, usizidi, mpasuko hautavumilia.

Kazi hiyo ijaribu nyumbani hadi uimalize ndani ya dakika nane. Mnyororo ukikatika, ondoa kiungo kilichoharibika chote na uweke kiungio cha haraka. Kwa kuwa sasa ni mfupi, usiweke gia kubwa mbele pamoja na kubwa nyuma. Dereya ikivunjika kabisa, fupisha mnyororo ubaki kwenye gia moja ya katikati, na umalize hivyo. Inawezekana, ila utatembea milima yote.

Baada ya mstari

Ndani ya nusu saa kula wanga pamoja na protini, mathalani mkate, mayai mawili na chai, halafu kunywa maji yenye chumvi hadi mkojo urudi kuwa na rangi hafifu. Kama ni mbio za siku nyingi, baiskeli inaoshwa kabla yako: mnyororo, pedi, upepo, boliti za usukani, kwa mpangilio huo. Kaptula ya povu haivaliwi juu ya chupi wala haivaliwi siku mbili bila kufuliwa; vidonda vya makalio vinatoa watu wengi siku ya tatu.

Mkojo ukitoka na rangi ya Coca, misuli ikiwa imevimba na kuuma kupita kawaida, usisubiri kulala uone kesho. Misuli inavunjika na kuziba figo. Nenda hospitali jioni hiyohiyo, waambie ulipanda saa ngapi na kama ulimeza dawa yoyote ya maumivu.